Kufunga njia ya upepo ya injini ya tabo kwenye Starlet ya zamani

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye injini yake ya 4E-FTE tayari imekaa kwenye mauntingi ndani ya Starlet EP82 au EP91, paipu za oili na maji za tabo (feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) zimeshafungwa, na sasa amebaki na rundo la mipira, mabomba na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) sakafuni, anajiuliza aanze na kipi. Kama injini yako bado ni 4E-FE ya kawaida na unataka kuitundikia tabo kwa sababu tu umeokota intakula kwa bei nzuri, soma kwanza aya inayofuata.

Injini hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, zote zina cc 1331. Lakini 4E-FE inakandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli mara 9.6, na 4E-FTE mara 8.2 tu. Toyota walishusha makusudi, kwa kuwa hewa inayoingia humo imeshakandamizwa na tabo kabla ya pistoni kuigusa. Nozo zake ni kubwa zaidi, na kontroli boksi yake inajua kusoma upepo unaozidi ule wa anga. Ukiipelekea upepo injini ya kawaida bila vitu hivyo, itakwenda vizuri mno kwa siku chache, utawapita watu, halafu siku moja utasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, na hapo pistoni zinaanza kuaga. Tafuta injini kamili na kontroli boksi yake na waya zake, au uache. Tunazungumzia nguvu za farasi 135 ndani ya gari isiyofika tani moja.

Sasa tuingie kazini, na kabla ya kushika spana kuna jambo moja nataka likae kichwani, maana hatua zote zinazofuata zinatoka humo. Kwenye injini ya kawaida njia ya hewa inavuta tu, kuanzia eya klina hadi manifoldi, yale mabomba yanayogawia silinda hewa. Mpira ukipasuka kidogo gari inakohoa, lakini nyumbani unafika. Kwenye injini ya tabo njia hiyo hiyo inagawanyika mara tatu. Kutoka eya klina hadi mdomo wa tabo inavuta, tena kwa nguvu kuliko ulivyozoea. Kutoka tabo kupita intakula hadi trotoli, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, inasukuma. Baada ya trotoli, ndani ya manifoldi, inafanya yote mawili: ukiachia mafuta inavuta, ukikanyaga inasukuma. Kila mpira uliomo ndani ya boneti uulize uko eneo gani. Wa kwanza adui yake ni vumbi, wa pili adui yake ni kuchomoka, na wa tatu adui yake ni upepo kurudi kusikotakiwa.

Kununua na kukagua

Ukienda Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, kununua, usikubali intakula peke yake. Daima mteja anauziwa intakula inayong'aa, halafu anarudi wiki ya pili kutafuta bomba la kuiunganisha na trotoli, na bomba hilo halipo soko zima. Chukua seti kutoka kwenye gari moja, ikiwezekana hafukati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa, inauzwa na kila kitu chake): boksi la eya klina, mpira wenye mikunjo unaotoka kwenye boksi hadi tabo, bomba la tabo hadi intakula, intakula na vibano vyake, kiungo cha mpira cha trotoli, sensa ya MAP (inayopima shinikizo la manifoldi), na ile valvu ndogo ya umeme yenye mipira myembamba miwili au mitatu. Hiyo ya mwisho wauzaji huitupa wakidhani ni takataka, wakati ndiyo inayoamua upepo uwe mdogo au mkubwa. Starlet hizi zilitoka kiwandani na viwango viwili, karibu baa 0.4 na baa 0.65 (baa ni kipimo cha shinikizo), na dereva anachagua kwa kitufe.

Shika shafti ya tabo kupitia mdomo wa hewa. Ukiisukuma pembeni itacheza kidogo sana, hiyo ni kawaida, maana inaelea juu ya oili na oili kwa sasa haipo. Ukiivuta kwako na kuirudisha, isicheze. Kisha piga tochi uangalie kingo za mapanga ya feni. Kama zimeliwa kama sarafu iliyokaa mchangani, tabo hiyo imeshakula vumbi, achana nayo hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Feni hii inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kwa mwendo huo chembe ya mchanga ni risasi.

Mpira wenye mikunjo uukunjue kila kunjo kwa vidole. Nyufa hujificha ndani ya mikunjo, na kwa nje mpira unaonekana mzima, mweusi, umepakwa kile kinachong'arisha dashibodi. Usione aibu kuunyoosha mbele ya muuzaji.

Usafi

Intakula nyingi zinazokuja zina oili ndani. Kidogo si tatizo. Ukiinamisha ikamwagika kama chai, tabo iliyotangulia ilikuwa inavuja. Na ukiona vipande vinavyong'aa kama unga wa bati, usiisafishe, tafuta nyingine, kwa sababu vyuma hivyo huwa vimekwama kwenye vichuguu vidogo na vitatoka siku injini inapovuta sana.

Ya kawaida isafishe hivi. Ziba mdomo mmoja, mimina mafuta ya taa, tikisa, mwaga, rudia hadi yatoke meupe. Kisha maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, uianike juani kutwa nzima midomo ikiangalia chini. Kukauka ni lazima. Mafuta ya taa yatakayobaki humo injini itayanywa, na haitayanywa kwa adabu.

Hapa niseme kosa langu mwenyewe. Zamani nilikuwa na mazoea ya kuziba mdomo wa tabo kwa kitambaa wakati nafanya kazi nyingine, nati isije ikadondokea humo. Mazoea mazuri. Siku moja nikaziba kwa kipande cha fulana nyeusi, mvua ikanyesha, tukahamisha gari, nikaendelea na waya. Jioni nimeshafunga kila kitu, nipo na ufunguo mkononi, dogo wa gereji akaniuliza, "Fundi, ile fulana yangu uliyokata iko wapi?" Nilifungua bomba bila kujibu. Ilikuwa imekaa mlemle, nyeusi ndani ya weusi. Tangu siku hiyo tunaziba kwa kitambaa chekundu kilichofungwa kamba, na kamba inaning'inia nje hadi usawa wa bampa.

Eneo la kwanza: eya klina hadi tabo

Hili ni fupi. Tabo ya 4E-FTE iko mbele, jirani na rejeta, kwa hiyo mpira wa mikunjo unapita karibu na moto. Hakikisha bati la kuzuia joto la tabo limerudi mahali pake na mpira haugusani nalo. Mpira wowote laini usiutumie hapa, kwa sababu tabo ikivuta utajikunja kama mrija wa soda na gari itakata pumzi kwenye mwendo wa juu. Ule wa kiwandani una mbavu ndani kwa sababu hiyo.

Vijana wanapenda kutoa boksi na kuweka eya klina ile ya duara iliyo wazi. Ni gari yako, lakini mimi nakushauri ubakishe boksi. Eya klina iliyo wazi inavuta hewa iliyopikwa na rejeta na tabo, na kwa barabara zetu za vumbi inaziba upesi au inapitisha. Boksi linavuta hewa kutoka pembeni ambako kuna ubaridi kidogo. Sauti utaikosa, kweli.

Kwenye mpira huu kuna matundu madogo. Moja linapokea mpira wa pumzi kutoka tapeti kava. Kama mfumo wako una valvu ya kuachia upepo unapotoa mguu, ile inayofanya pssst, tundu jingine ni la kurudishia upepo huo. Unganisha yote. Tundu lililoachwa wazi hapa linaingiza hewa isiyopita kwenye eya klina, na vumbi lake linakwenda moja kwa moja kwenye mapanga.

Eneo la pili: tabo, intakula, trotoli

Hapa ndipo gari nyingi zinarudi gereji, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza ujue kwa nini intakula ipo. Hewa ya Dar ikiwa nyuzi 35, ukiikandamiza kwa baa 0.65 inatoka kwenye tabo ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi na inaifanya injini igonge. Intakula ya 4E-FTE imelala juu ya injini, inapozwa na upepo unaoingia kupitia boneti. Boneti ya EP82 GT ina mdomo wa kuingizia upepo huo, boneti ya Starlet ya kawaida haina. Usipoleta boneti ya GT au kutoboa ya kwako na kuweka mdomo, intakula yako itakuwa kipande cha bati kinachochemka juu ya injini. Kuna wanaoamua kuihamishia mbele ya rejeta. Inapoza vizuri zaidi, sikatai, lakini mabomba yanarefuka, viungo vinaongezeka, bampa inakatwa, na rejeta ndogo ya Starlet inanyimwa upepo. Kwa kiwango cha kiwandani ya juu inatosha.

Ukishaiweka, usibane chochote kwanza. Panga seti nzima ikiwa legevu, kila bomba ndani ya mpira wake, kisha tazama kama mabomba yanatazamana yenyewe. Kama unalazimika kuvuta bomba kwa goti ili liingie, mpira huo utachomoka, klampu yoyote utakayoweka. Legeza vibano vya intakula, izungushe kidogo hadi ikae. Bomba liingie ndani ya mpira si chini ya milimita 25, na klampu ikae nyuma ya kile kivimbe kilicho kwenye mdomo wa bomba, isikae juu ya kivimbe wala kwenye ukingo wa mpira. Bomba lisilo na kivimbe, kwa mfano lile ulilochongewa na fundi wa kuchomelea, mwambie alizungushie mstari mwembamba wa weldi na kuulainisha. Bila hivyo bomba linateleza.

Futa midomo ya mabomba na ndani ya mpira kwa thina hadi kitambaa kitoke kikavu. Oili kidogo tu hapo na upepo utausukuma mpira taratibu kama sabuni mkononi. Kuna ujanja wa siku nyingi wa kupuliza spreyi ya nywele ndani ya mpira kabla ya kuuvalisha: ikiwa mbichi inateleza, ikikauka inashika kama gundi. Unafanya kazi. Klampu tumia zile pana za boliti, za bisibisi zenye meno hukata mpira laini. Anza kubana upande wa trotoli, rudi nyuma hadi tabo.

Kisha upime nafasi ya boneti. Nenda kwa mama ntilie jirani uombe donge la unga wa chapati. Tengeneza vidonge vinene kama kidole gumba, vipange juu ya intakula kwenye kona zake nne na katikati, funika na nailoni, shusha boneti hadi ijifunge, kisha ifungue. Kidonge kilichobanwa chini ya milimita 10 kinakuonyesha mahali boneti itakapogonga injini ikitikisika. Kwenye gari moja ya kijivu niliyofanya, kona ya nyuma ilibaki nene kama noti. Tulishusha kibano kwa kuondoa washa mbili, tukapima tena, ikawa sawa. Ukimaliza, zungushia sponji nene pembeni ya intakula ili iguse boneti pande zote. Upepo ni mvivu, ukiona mwanya pembeni hautapita katikati ya intakula.

Mpira mwembamba wa westigeti. Naupa aya yake kwa sababu ni mdogo na ndiyo unaoua injini. Westigeti ni mlango unaopitisha moshi pembeni ya tabo upepo ukitosha, na mpira huu ndio unaoupa habari. Ukichomoka, mlango hauna habari, haufunguki, na upepo unapanda bila breki. Weka mpira mpya unaovumilia joto, usitumie wa maji ya kioo, na kila mwisho ufunge kibano kidogo. Usiubane kupita kiasi, na usiupitishe juu ya bati la tabo. Ile valvu ya umeme inakaa kwenye mstari huu, kwa hiyo ipe mipira yake kama ilivyokuwa kwenye hafukati. Piga picha kabla ya kuichomoa.

Eneo la tatu: baada ya trotoli

Kwenye manifoldi kuna mipira mitano hivi, na yote ilizoea kuvutwa. Sasa itasukumwa.

Mpira wa busta ya breki una valvu ya njia moja ndani yake au mwisho wake. Ichomoe uipulize kwa mdomo: upande unaotoka kwenye busta upepo upite, upande unaotoka kwenye manifoldi usipite hata kidogo. Ikipitisha pande zote inunuliwe nyingine leo, kabla hujalaumu pedi kwa breki ngumu.

Valvu ya PCV, inayovuta mvuke kutoka tumbo la injini, ipime vivyo hivyo. Upande wa manifoldi ukipitisha, kila ukikanyaga mafuta upepo wa tabo utaingia kwenye tumbo la injini, na oili itatafuta pa kutokea: kwenye sili, kwenye tapeti kava, au itarusha kijiti cha kupimia oili. Ukikuta kijiti kimeinuka chenyewe, anzia hapa. Mtu akikwambia ni ringi za pistoni, mwambie asubiri.

Mpira wa sensa ya MAP uwe mfupi, mzima, na usiuchanje kuunganisha geji. Injini hii haipimi hewa kwa sensa iliyo njiani, inakisia kwa shinikizo la manifoldi, kwa hiyo sensa ikidanganywa, petroli nayo inakosewa. Na sensa iwe ya tabo, si ya gari yako ya zamani. Geji ichukulie kwenye mpira wa regyuleta ya petroli, ambao nao lazima utoke baada ya trotoli ili shinikizo la petroli lipande pamoja na upepo. Mpira wa kopo la mvuke wa petroli upime valvu yake kama wa breki.

Kupima kabla ya kuwasha

Watu wanawasha, wanasikiliza, wanasema iko sawa. Uvujaji mwingi hausikiki injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kwa sababu saa hiyo hakuna upepo wa kuvuja.

Nunua kifuniko cha bomba la plastiki la maji kinachoingia kwenye mpira wa mdomo wa tabo. Kitoboe katikati, pachika valvu ya tairi isiyo na tyubu, ile anayouza fundi pancha. Chomoa mpira wa pumzi wa tapeti kava na uzibe tundu lake kwenye njia ya hewa, fungua kifuniko cha oili, kisha funga kifuniko chako kwa klampu mahali pa eya klina. Jaza upepo taratibu hadi PSI 8 au 10 kwenye geji ya tairi, isizidi hapo, na usisimame mbele ya kifuniko. Chukua chupa ya maji ya sabuni, na uvumilivu. Puliza sabuni kila kiungo, kila ukingo wa intakula, shafti ya trotoli, mizizi ya nozo, gasketi ya manifoldi. Povu litakuonyesha. Upepo fulani utapotea kupitia valvu za injini zilizo wazi, huo utausikia kwenye silensa au tumbo la injini, zungusha krenki kidogo upungue. Mvumo mkubwa ukitoka kwenye kifuniko cha oili, ni PCV.

Kabla ya kuwasha punguza mwanya wa plagi hadi karibu milimita 0.8. Mwanya mpana wa injini ya kawaida huzimwa na upepo, na gari itakatakata ukikanyaga, utafikiri ni petroli.

Barabarani

Anza na kiwango kidogo cha kitufe. Asubuhi na mapema nenda kipande cha barabara kilicho wazi, na mwenzako ndiye atakayeangalia geji, wewe uangalie mbele. Gia ya 3, kanyaga taratibu hadi mwisho, geji ipande isimame karibu na 0.4. Ikiendelea kupanda bila kusimama, toa mguu papo hapo na ukague mpira wa westigeti. Isipofika, kuna panapovuja au mlango umekwama wazi. Ikisimama vizuri ndiyo ubonyeze kitufe na ujaribu 0.65.

Baada ya safari ya kwanza acha ipoe kabisa, kisha bana klampu zote upya, maana mpira ukipata joto unakaa na klampu inalegea. Rudia baada ya kilomita 100. Kumbuka pia namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, ibadilishwe kabla bima haijaulizwa swali.

Wiki ya pili fungua mpira wa mikunjo kwenye mdomo wa tabo, pitisha kidole ndani. Kikitoka na oili nyembamba ni pumzi ya tapeti kava. Kikitoka na vumbi jekundu, kuna tundu eneo la kwanza ambalo hukuliziba.